Ziara za Nara: kulungu, mahekalu, na kiongozi wa kulipa

Wafanyabiashara wa magari wa Mombasa wanaokwenda Osaka na Kobe mara nyingi hubakiwa na siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Siku hiyo ndipo wanapouziwa ziara ya Nara, mji wa kale wa Japani ulio karibu na Osaka: kulungu wa porini wanaokula mkononi mwako, na mahekalu yenye zaidi ya miaka 1,200, vyote kwa nusu siku. Bidhaa yenyewe ni nzuri, ila muuzaji hutofautiana na muuzaji. Ziara za basi zinazobeba Nara, Kyoto na kituo kimoja zaidi kwa siku moja hatuzipendekezi hata kidogo. Ziara ya miguu ya saa nne au tano, yenye kiongozi mmoja na watu wasiozidi wanane, inayoanzia Nara yenyewe, hiyo inastahili pesa yake.

Kabla ya kulipa, soma ratiba uangalie jambo moja: inafika Kasuga Taisha au haifiki? Nyingi za basi hazifiki. Zinakushusha karibu na lango la hekalu la Kibudha la Todaiji, unalisha kulungu, unapiga picha ya Budha Mkuu, unarudi kwenye kiti. Umeona wanyama na umeona hekalu, lakini kinachowaunganisha hukukiona.

Maana kulungu hawakuletwa Nara na Budha. Kasuga Taisha ni hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lililoanzishwa mwaka 768, na masimulizi yake yanasema mungu Takemikazuchi alitoka Kashima, mbali upande wa mashariki, akiwa amempanda kulungu mweupe. Tangu hapo kulungu wa pale wakahesabiwa wajumbe wa mungu, na aliyemuua mmoja wao zama za kale aliweza kuuawa yeye mwenyewe. Ukoo wa Fujiwara, uliokuwa na nguvu nyingi katika utawala, ndio uliokuwa nyuma ya Kasuga na pia nyuma ya hekalu la Kibudha la Kofukuji lililo chini yake, kwa hiyo dini mbili zikawalinda wanyama wale wale. Msitu wa Kasugayama, mlimani nyuma ya hekalu, ulikatazwa kuwindwa na kukatwa miti tangu mwaka 841. Mtu wa Pwani halioni hilo kuwa geni. Makaya ya Wamijikenda yamebaki na miti kwa miiko ya namna hiyo hiyo, na anayeingia Kaya Kinondo hufungwa kwanza kitambaa cheusi kiunoni. Nara iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1998, makaya yakaingia 2008. Kiongozi asiyeyasema haya, akatosheka na "hawa ni wanyama watakatifu", hajafanya kazi uliyomlipia.

Tunawaita kulungu kwa kukosa jina la karibu zaidi. Si kulungu wa Shimba Hills. Hawa wanaitwa sika, na pembe za madume wao huanguka kila mwaka, zikaota upya zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya, ilhali pembe za kulungu wa kwetu zikishaota hazianguki. Wako zaidi ya 1,000, hawana mwenyewe, hawafungiwi, na tangu 1957 wanalindwa kisheria kama urithi wa asili wa taifa. Mwaka 1945, kwa vita na njaa, walikuwa wamebaki 79.

Saa ya kuanza ina uzito kuliko bei. Ziara nzuri inakutana nawe kituo cha treni cha Kintetsu Nara mnamo saa mbili asubuhi. Si kituo cha kampuni nyingine ya reli, JR, ambacho kiko mbali zaidi na bustani kwa mwendo wa miguu. Kutoka Osaka-Namba, treni ya Kintetsu ya haraka isiyodai nyongeza huchukua dakika 40 hivi. Mabasi ya watalii huanza kumiminika kwenye saa nne, kwa hiyo kiongozi mjuzi hukupeleka Todaiji kwanza, wakati ua ungali mtupu. Ukumbi wa Budha hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na saa mbili miezi iliyobaki.

Langoni Nandaimon, lililojengwa 1199, simama. Kushoto na kulia kuna walinzi wawili wa mbao wenye urefu wa zaidi ya mita 8, waliochongwa mwaka 1203 na mafundi wakiongozwa na Unkei na Kaikei kwa siku 69 tu. Tazama midomo. Mmoja ameuachama, anatamka "a", sauti ya kwanza; mwingine ameubana, "un", sauti ya mwisho. Kati yao umo mwanzo na mwisho wa kila kitu. Ziara za basi hupita hapa mbio kwa sababu kulungu wamejazana langoni na kila mtu macho yako chini.

Ndani, Budha wa shaba nyeusi ana urefu wa mita 15. Alifunguliwa macho, yaani alichorwa mboni, mwaka 752 kwa brashi iliyoshikwa na Bodhisena, mtawa kutoka Bara Hindi, na brashi hiyo ilifungwa nyuzi ndefu walizozishika waumini ili nao washiriki. Hekalu liliungua 1180 na tena 1567. Ukumbi uliopo ni wa 1709 na upana wake ni mita 57, na hata hivyo ni mdogo kuliko ule wa kwanza uliozidi mita 80. Kichwa cha Budha ni cha karne ya 17. Ukitaka kazi ya mikono ya karne ya 8, mwombe kiongozi akuonyeshe petali za yungiyungi alizokalia Budha: baadhi ni zile za asili, zimechorwa mistari myembamba mfano wa nywele, mabudha na malimwengu yao safu juu ya safu. Nakala ya petali imewekwa pembeni ili uione kwa karibu. Asiyekuonyesha petali ile amekunyima kitu kizuri kuliko vyote mle ndani.

Viatu huvui katika ukumbi huo, wala hakuna anayekulazimisha kuinama au kuwasha ubani. Wageni Waislamu husimama na kutazama, hawaulizwi.

Kutoka hapo panda ngazi za mawe hadi Nigatsudo, ukumbi wa ibada wa Todaiji ulio mlimani, ambako roshani haina kiingilio na mji wote unalala chini yako. Ibada ya Shunie hufanywa hapo kila mwaka tangu 752 bila kukatika, siku hizi kuanzia tarehe 1 hadi 14 Machi, mienge mikubwa ikikimbizwa juu ya roshani hiyo ya mbao. Halafu njia inapita chini ya kilima cha Wakakusa hadi Kasuga, yenye fanusi zipatazo 3,000: karibu 2,000 za mawe zimepanga foleni msituni, zina kuvu la kijani hadi shingoni, na karibu 1,000 za shaba zinaning'inia chini ya paa jekundu. Kulungu huchomoza vichwa katikati ya fanusi za mawe. Hiyo ndiyo picha ya Nara, wala si ile ya langoni.

Kulisha kuje mwisho, kwenye uwanja wa nyasi wa Tobihino chini ya Kasuga, kwenye nafasi ya kutosha. Chakula kinachoruhusiwa ni kimoja, shika-senbei, biskuti za pumba za mchele na unga zisizo na sukari. Kichane cha biskuti kumi kimekuwa kikiuzwa yeni 200, na sehemu ya pesa huenda kwa shirika la kuwatunza kulungu. Ukanda wa karatasi unaofunga kichane umetengenezwa usiwadhuru wakiula. Mkate, ndizi, chipsi, vyote marufuku.

Namna ya kulisha ina utaratibu, na wengi huukosea. Ukishanunua, usisimame hapo kibandani. Kulungu wanamjua mnunuzi kabla hajalipa. Tia kichane ndani ya mkoba, tembea hatua 30 au 40, tafuta kulungu mmoja au wawili walio peke yao. Toa biskuti moja, iinue usawa wa kifua. Atainamisha kichwa, pengine mara mbili tatu, masikio nyuma. Mpe hapo hapo, nzima, kwa mkono ulionyooka. Kosa kubwa ni kumwinamisha tena na tena ili upate video. Kule kuinama ni kudai, na anayedai asipopewa huuma: matako, kiuno, au mfuko wenye biskuti. Zikiisha, onyesha viganja vyote viwili vitupu. Wanaielewa ishara hiyo, watakuacha.

Mavazi yetu yana mtihani wake. Ncha ya mtandio au leso iliyoning'inia huvutwa na kutafunwa, na buibui pana huburutwa kwa nyuma, basi funga ncha kifuani na ushike mkoba mbele. Mfuko wa kanzu usiwe na risiti wala ramani, maana karatasi wanaila. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano uso wake uko sawa na mdomo wa kulungu, hivyo asishike biskuti mwenyewe. Mzazi ashike, mtoto atazame. Na mfuko wa plastiki usiuachie kamwe. Mwaka 2019 kulungu aliyekufa alipasuliwa akakutwa na kilo 4.3 za plastiki tumboni. Kwa miaka mingi bustani haikuwekwa mapipa ya taka kwa makusudi, takataka zako rudi nazo hotelini. Kiongozi anayegawa chupa za maji na vitafunio vya plastiki katikati ya kulungu, mkataze waziwazi.

Kuhusu kiongozi mwenyewe. Hadi mwanzoni mwa 2018, sheria ya Japani ilimtaka anayewaongoza wageni kwa malipo kwa lugha ya kigeni awe na leseni ya taifa. Sasa yeyote anaweza kutoza. Wapo wasio na leseni walio hodari, ila mwenye leseni amefaulu mtihani wa historia, kwa hiyo uliza. Uliza pia kama bei imejumlisha kiingilio cha ukumbi wa Budha, yeni 800 kwa mtu mzima, na mtakaa Nara dakika ngapi ukiondoa safari. Jumla ya nauli ya kwenda, kiingilio na kichane cha biskuti haifiki yeni 2,000. Kinachobaki kwenye bei ni ujuzi wa kiongozi. Kwa asiye na uwezo, wapo wanafunzi wa Nara wanaojitolea kuongoza wageni kwa Kiingereza bure. Unaandika mapema, na ni uungwana kuwalipia nauli na chakula cha mchana.

Chakula ndipo ziara karibu zote zinapoanguka kwa mteja wa Mombasa. Mwambie kiongozi siku kadhaa kabla, kwa maandishi: hakuna nguruwe, hakuna pombe, hata ya kupikia. Supu za tambi mara nyingi zina mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele. Jihadhari hasa na narazuke, achari maarufu ya mji huu: inapendeza macho ya mpenda achari, lakini imelowekwa miezi mingi katika masalia ya sake, pombe ya mchele. Tende na korosho kwenye mkoba uliofungwa zitakuokoa. Na adhuhuri ikikukuta Tobihino, usielekee kaskazini kwa mazoea ya Mombasa. Kutoka Nara kibla ni magharibi, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini.

Msimu nao. Mei hadi Julai majike wana watoto, na jike akimwona mtu karibu na mwanawe hupiga kwa miguu ya mbele. Septemba hadi Novemba madume wako kwenye joto la kupandana, wanalia usiku na mchana, usiwakaribie kabisa. Oktoba huwa na sherehe ya kuwakata pembe, ya tangu karne ya 17, ili wasiumizane wala kuumiza watu. Asubuhi za majira ya baridi kulungu huitwa Tobihino kwa baragumu ya shaba, wakatoka msituni mbio kufuata mbegu za mialoni. Na usiku wa tarehe 14 na 15 Agosti fanusi zote za Kasuga huwashwa. Ziara za mchana siku hizo zimeshakwisha kabla giza halijaingia, kwa hiyo ukiangukia tarehe hizo chukua kiongozi wa jioni, au baki mwenyewe hadi ziwashwe. Treni za Osaka zipo mpaka usiku.