Riwaya za Vijana Wanaoishi Mbele ya Kamera: Ipi Inunuliwe Kwanza

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliizoea televisheni ya uhalisia kupitia Big Brother Africa, shindano la watu wanaokaa pamoja katika jumba moja mbele ya kamera, lililoanza mwaka 2003 na ambalo Watanzania wawili waliwahi kulishinda, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Walioingia katika jumba lile walikuwa watu wazima waliotia saini wenyewe, wakijua kwamba kamera haitazimwa hata wakilala. Riwaya za vijana ninazozipanga hapa zinaanzia mahali pengine kabisa. Zinauliza inakuwaje pale aliyetia saini si wewe bali ni mama yako, au mkuu wa shule yako, au serikali, nawe una miaka 5 au 16 tu.

Swali hilo ndilo mizani niliyoitumia. Riwaya inayomwonyesha msomaji ni nani anayeshika mkataba, ni nani anayekata na kuunga picha, na fedha zinaingia mfukoni mwa nani, nimeipandisha juu. Ile inayoigeuza kamera kuwa pambo la hadithi ya mapenzi nimeishusha, hata kama imeuzwa mno. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza na waandishi wa Marekani, kwa hiyo mzazi au mwalimu anayenunua apime pia Kiingereza cha kijana atakayekisoma kitabu, kwa kuwa ugumu wa lugha unatofautiana sana kati ya riwaya moja na nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa Something Real ya Heather Demetrios, iliyotoka mwaka 2014. Najua wengi wangetarajia kitabu kingine hapa, nacho nitakifikia. Msimuliaji wake ni msichana wa miaka 17, mmoja wa watoto 13 wa familia ya Baker, ambao maisha yao yamekuwa kipindi cha televisheni tangu wakiwa wachanga. Kipindi kilisimamishwa, msichana akajipa jina jipya, Chloe, akaingia katika shule ya kawaida, akapata marafiki na mvulana anayempenda, na kwa mara ya kwanza akawa mtu asiyejulikana. Kisha mama yake anaamua kukirudisha kipindi hewani. Jina lake la zamani, Bonnie, limeandikwa likiwa na alama ya biashara ubavuni, kama chapa ya sabuni, na sioni njia fupi zaidi ya kueleza hali ya mtoto ambaye hata jina lake ni bidhaa.

Kinachonifanya nikiweke mbele ni kwamba kitabu hiki kinaujua uchumi wa jambo lenyewe. Nyumba wanayoishi watoto imelipiwa na kipindi, na chakula kilichomo jikoni pia, kwa hiyo mtoto anayekataa kupigwa picha anaambiwa kwamba anawanyang'anya ndugu zake wadogo tonge mdomoni. Mama si shetani. Anaamini kwa dhati kwamba anawalea wanawe, na ndiyo maana anaogofya. Msomaji atakayetaka kuelewa kwa nini hali hiyo iliwezekana kisheria anapaswa kukumbuka kisa cha Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza pamoja na Charlie Chaplin mwaka 1921, ambaye alipokuwa mkubwa aligundua kwamba wazazi wake wameyatumia mapato yake. California ilipitisha sheria ya kulinda sehemu ya fedha za watoto waigizaji mwaka 1939, lakini vipindi vya familia vilipozuka miongo kadhaa baadaye, watayarishaji waliweza kudai kwamba mtoto anayepigwa picha akila chakula nyumbani kwao hafanyi kazi, anaishi tu. Jimbo la Illinois lilianza mwaka 2024 kutekeleza sheria inayowapa haki ya malipo watoto wanaoonyeshwa katika video za mtandaoni za wazazi wao, na mtu akiisoma riwaya ya Demetrios leo ataona kwamba ilikuwa imekwishaigusa sehemu hiyo hiyo ya kidonda. Mnunuzi ajue mapema kwamba kitabu kinagusia jaribio la kujiua, na kwamba kinamfaa zaidi kijana wa miaka 14 kwenda juu. Kiingereza chake ni chepesi, cha mazungumzo ya shuleni.

Ya pili ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, ambayo pengine mnunuzi ameiona filamu yake ya mwaka 2012 akadhani amekwisha kuijua. Hapo ndipo hasara ilipo. Filamu inaonyesha mapigano. Riwaya inasimuliwa na Katniss Everdeen mwenyewe, kwa wakati uliopo, kwa hiyo msomaji anakaa ndani ya kichwa cha msichana wa miaka 16 ambaye anapigania uhai wake na wakati huo huo anahesabu anavyoonekana kwenye skrini. Kila moja ya wilaya 12 za Panem, nchi ya kubuni, inatoa mvulana na msichana mmoja, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18, na kati ya hao 24 anatakiwa abaki hai mmoja, huku nchi nzima ikilazimishwa kutazama. Wadhamini hutuma zawadi kwa miamvuli midogo kwa yule anayewapendeza watazamaji. Katika sehemu ambayo naiona kuwa moyo wa kitabu, Katniss anambusu kijana mwenzake aliyejeruhiwa, mwamvuli unashuka na chungu cha mchuzi, naye anaelewa bei: busu moja, chungu kimoja. Kuanzia hapo hajui tena, wala msomaji hajui, ni hisia zipi zake na zipi za kamera.

Collins amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha stesheni za televisheni, kati ya kipindi cha vijana wanaoshindana na picha za vita vya Iraq, hadi mambo hayo mawili yakaanza kuchanganyika akilini mwake. Nimekiweka nyuma ya Something Real kwa sababu moja tu: udhalimu wa Panem uko mbali, wa nchi ya kubuni, na ni rahisi kijana kuufunga ukurasa akasema kwetu hakuna. Lakini kama unamnunulia kijana asiyependa kusoma, usifuate mpangilio wangu. Anza na hiki. Sura zake fupi humalizikia mahali ambapo mtu hawezi kulala. Unaweza kununua cha kwanza peke yake ukaridhika, kwani kina mwisho wake. Cha pili na cha tatu, Catching Fire ya 2009 na Mockingjay ya 2010, vinaendeleza kisa. Kati ya vilivyofuata, vinavyorudi nyuma kihistoria, Sunrise on the Reaping ya mwaka 2025 ndiyo inayohusu zaidi jambo letu, kwa kuwa inaonyesha jinsi picha za shindano zinavyoweza kukatwa na kupangwa upya hadi yaliyotendeka yakafutika. Hata hivyo, isinunuliwe kabla ya vitabu vitatu vya mwanzo.

Kwa kuwa The Hunger Games ndicho kitabu kinachopatikana kwa urahisi zaidi, ndicho pia kinachonakiliwa kiholela zaidi. Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, jalada likimeremeta, nikafika nyumbani nikagundua kwamba baada ya ukurasa wa 180 unakuja wa 213, na Katniss ametoka mtoni hadi pangoni bila mimi kujua njia aliyopita. Fungua kitabu katikati kabla ya kulipa, tazama kama wino umekolea sawa kurasa zote, na hesabu kurasa chache mfululizo. Katika maduka ya mtandaoni hatari ni nyingine: kuna vijitabu vya muhtasari na miongozo ya wanafunzi vyenye jina lile lile kwa herufi kubwa na neno la muhtasari kwa herufi ndogo. Riwaya kamili ina kurasa zaidi ya 350. Kitu cha kurasa 60 si hicho. Nakala yenye picha ya filamu kwenye jalada ina maneno yale yale ya ndani, basi chukua iliyo na bei nafuu.

Ya tatu, Reality Boy ya A.S. King ya mwaka 2013, ni kitabu ninachokipenda kuliko vyote lakini ambacho sithubutu kumshauri kila mtu akinunue. Gerald Faust alikuwa na miaka 5 wakati yaya wa televisheni alipoletwa nyumbani kwao kuwafunza wazazi kulea. Mtoto yule alikuwa akijisaidia haja kubwa mahali pasipostahili, juu ya meza na ndani ya viatu, kama njia pekee aliyoijua ya kusema kwamba kuna jambo baya ndani ya nyumba. Kamera ilikipiga picha kinyesi. Ukatili wa dada yake mkubwa, uliokuwa chanzo cha yote, haukuwafikia watazamaji. Sasa anakaribia miaka 17, anauza vyakula kwenye kaunta ya ukumbi wa michezo, na watu bado wanamwita kwa jina la aibu walilompa akiwa hajajua kusoma. Hakuna riwaya nyingine katika orodha hii inayoeleza vizuri hivi kwamba kukata picha kunaweza kuwa uongo hata pale kila picha iliyobaki ni ya kweli. Lugha yake ni kali, matusi ni mengi, na hasira ya Gerald inachosha kwa makusudi. Kijana wa miaka 16 aliyekomaa ataishukuru. Kwa mdogo wake subiri.

Beauty Queens ya Libba Bray, ya mwaka 2011, ni kichekesho, na ingekuwa nafasi ya tatu laiti ningekuwa mtu wa kucheka zaidi. Ndege iliyobeba washindani wa shindano la urembo la wasichana, mmoja kutoka kila jimbo la Marekani, inaanguka kwenye kisiwa, na waliosalimika wanajikuta wanajifunza kuwinda na kujenga vibanda huku kampuni kubwa inayodhamini shindano ikiwa na shughuli zake za siri kisiwani humo humo. Matangazo ya biashara ya kubuni na tanbihi za dhihaka hukatiza hadithi kama vile tuko mbele ya televisheni. Wahusika ni wengi, na kurasa 100 za mwanzo humchanganya msomaji asijue nani ni nani. Dawa yake ni kununua toleo la kusikiliza, lililosomwa na mwandishi mwenyewe, ambaye anampa kila msichana sauti yake. Kuna mambo ya mapenzi na ya jinsia ambayo baadhi ya familia zetu zitapenda kuyasoma kwanza kabla ya kumpa kijana.

The Vigilante Poets of Selwyn Academy ya Kate Hattemer, ya 2014, inawafaa hasa wanaopenda ushairi. Shindano la televisheni linaingia katika shule ya sanaa huko Minnesota, na wanafunzi wachache, baada ya kuzisoma darasani Cantos, shairi refu la mshairi wa Marekani Ezra Pound, wanaanza kutunga utenzi wa kulishutumu na kuusambaza kwa siri. Ni kitabu chepesi, safi kwa umri wa miaka 12 na kuendelea, na mtu aliyekulia kwenye utamaduni wa malumbano ya mashairi hatahitaji kuelezwa kwa nini beti zinaweza kumkasirisha mkubwa kuliko maandamano.

Chini zaidi naziweka mbili ambazo huenda ndizo kijana wako aliziomba. The Selection ya Kiera Cass, ya mwaka 2012, ina wasichana 35 wanaoshindania kuolewa na mwana wa mfalme, na matangazo ya televisheni yapo tangu mwanzo, lakini kamera hugeuka pambo mapema na kubaki kuwa hivyo; kilichobaki ni gauni, wivu na wavulana wawili. Si dhambi kuisoma. Tatizo ni la mfuko: kitabu cha kwanza hakimalizi chochote, na kisa cha msichana huyo kinahitaji vitatu, kwa hiyo ukikinunua hesabu bei ya vitatu tangu siku ya kwanza, au tafuta seti nzima kwenye mitumba.

L.A. Candy ya mwaka 2009 ina jambo moja ambalo hakuna nyingine inayo, nalo ni kwamba mwandishi wake, Lauren Conrad, aliyaishi yaliyomo: alionyeshwa kwenye vipindi vya kituo cha televisheni cha MTV, Laguna Beach na baadaye The Hills. Kwa sababu hiyo zile sehemu ndogo ndogo zina ukweli, kama vile kumngoja fundi afiche kinasa sauti ndani ya nguo, au kurudia mazungumzo yaliyokwisha kwa kuwa taa haikukaa vizuri. Nathari yenyewe ni ya maji maji, na kitabu kinakatika ghafla ili ununue cha pili. Ukiikuta kwa bei ya daftari, ichukue kwa ajili ya sehemu hizo. Usiiagize kutoka ng'ambo, kwa kuwa gharama ya kuisafirisha itazidi faida utakayoipata.