Fizio (tiba ya mazoezi) ya stroki, yaani kiharusi, huku Ilemela: mazoezi safi, mkanda wa umeme mhh

Wenye wagonjwa wa stroki hapa Mwanza naona mnaulizia sana hii kliniki, jina siweki ila ni moja ya huku Ilemela. Mi nampeleka bamdogo, upande wa kushoto uligoma kabisa, hospitali walimruhusu akiwa mtu wa kukaa kwenye kiti tu.

Dada wa fizio nampa nyota zote. Hana yale mambo ya kumkandakanda mgonjwa mguu halafu haya nendeni, yeye anamsimamisha. Walianza katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, wakaja kwenye fimbo ya miguu minne, inuka kaa inuka kaa kwenye kiti mpaka mzee jasho linamtoka na matusi kidogo, dada anacheka tu huku kamshika mkanda wa kiunoni asidondoke. Halafu anampima, mita 10 kwa saa ya simu, anaandika kwenye daftari, mkirudi mnaangalia sekunde zimepungua au bado. Vidole vilikuwa vinaburuta chini, akatwambia tutafute ile plastiki ya kuvaa ndani ya kiatu inayonyanyua unyayo. Na alivyosikia tunakaa Igogo, juu kule kwenye mawe, akahamia kwenye ngazi: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza ule mbovu. Hiyo tu imetosha, maana zamani vijana wawili walikuwa wanambeba mpaka barabarani kwenye bajaji na kila mmoja anataka soda.

Sasa mkanda wa umeme. Wanauita tiba ya kusisimua ubongo, unavalishwa kichwani una sponji mbili zimeloweshwa maji ya chumvi, unapita umeme mdogo sana, miliampia 2, dakika 20 hivi. Sio shoti msiogope, bamdogo anasema ngozi inawashawasha basi. Wazo lenyewe lina akili, stroki imeua kipande cha ubongo, sehemu zilizobaki inabidi zijifunze ile kazi, na umeme unatakiwa kuziweka tayari kujifunza. Ila sasa kujifunza kwenyewe si ndo kutembea?? Kuna siku kavalishwa, kakalishwa kwenye sofa anaangalia mpira, dakika zikaisha tukaambiwa leo imetosha. 25,000 hiyo! Mguu haujagusa chini. Hapana jamani.

Nikaingia kusoma. Tafiti za huu umeme kwenye kutembea nyingi ni za watu wachachewachache na majibu yanapishana, halafu sehemu ya ubongo inayoendesha mguu imejificha ndani katikati ya zile pande mbili, kuifikia ni kazi kuliko ya mkono. Wakati huohuo kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2011, wagonjwa 408, wengine walitembezwa kwenye tredmili, ile mashine ya kutembelea papo hapo, wamefungwa mikanda ya kuwabeba uzito, wengine fizio aliwafuata nyumbani akawapa mazoezi ya nguvu na balansi. Mwaka mmoja baada ya stroki asilimia 52 walikuwa wamepanda daraja kwenye kutembea, na wa tredmili hawakuwazidi wale wa nyumbani. Wa nyumbani kabisa! Kwahiyo mtu asikutishe na mashine.

Lingine halikunifurahisha, kabla ya kumvalisha ule mkanda wa umeme hakuna aliyeuliza kama ana chuma kichwani, au kifafa, au kile kifaa cha moyo cha betri, mpaka nikauliza mimi. Ukienda uliza. Na choo chao, kliniki ya watu wasioweza kutembea, mlangoni kuna ngazi na hakuna hata cha kushika, sijui nani alichora.

Siku hizi tunalipia mazoezi peke yake, 20,000, siku zingine wajukuu wanamsimamia nyumbani kwa lile daftari la dada. Dada yupo Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa anabaki kijana wa mkanda, mi Ijumaa sikanyagi.