Imprimanti ya nyumbani hapa Bukavu: mbili zimenikulia franka, ya tatu ndiyo imekaa

Mtu akiniuliza anunue imprimanti gani ya nyumba, ile mashini ya kuchapa karatasi, mi simujibu marki. Namuuliza kwanza: kwenu kurani, ni kusema umeme, inakuyaka siku ngapi kwa wiki? Na unaimprime kila siku ao mara moja kwa mwezi? Juu mi nilianzia kwa bei, na bei ilinitembeza.

Sisi tunakaa Kadutu, bibi yangu ni mwalimu, mi napigia watu wa kartie barua na TFC za banafunzi, ile kazi wanaandika kwa kumaliza masomo, kwa ordinatere (kompyuta) ya nyumbani. Ya kwanza niliichukua juu ilikuwa dola 55, ndogo, nyeupe, muzuri kwa macho, katushi mbili, visanduku vya wino, ndani. Marki yake siitaji. Sikuuliza katushi mpya inauzwa ngapi, na hapo ndipo mutego uko, hizi ndogo wanakuachia mashini rahisi ili wakukamate kwa wino. Kuko katushi nyeusi za namna ile zimeandikwa kurasa 360, lakini ile hesabu ni ya karatasi zao za majaribio, haiko ya mitihani ya bibi yangu yenye majedwali na karte ya Kongo inajaza nusu ya ukurasa. Ya kwangu ilikwisha kabla hata nifikishe 150. Nikanunua ingine, tukashuka Uvira kwa kilio, tukakaa wiki tatu, kurudi wino umekauka kwa kichwa. Nikaisafisha kwa ordinatere mara nne, kumbe kusafisha nako kunakunywa wino, mara ya tano ikaniambia katushi ni tupu!

Ya pili ilikuwa laser ya okazio, yenye ilishatumika. Muuzaji akanipiga bega: "Papa, hii ni unga, haukaukake, utaachia batoto." Kwa ile ya unga hakudanganya, laser unaweza kuiacha miezi inalala, siku unaiamsha inatoa karatasi safi. Lakini hakuniuliza nyumbani nakula kurani ya nini. Laser inayeyusha ule unga na rula yenye inapata moto karibu digrii 200, na kwa kupasha ile rula inavuta mamia ya wati kwa mara moja. Konvertisera yangu, ile inageuza umeme wa betri, na betri yake ya gari ilipiga mulio mumoja, tiiiii, nyumba yote giza, na ordinatere nayo ikazimika na barua ya mutu ndani. Kwa mwenye iko na kurani ya sawasawa, ao ana grupu kubwa (jenereta), laser nyeusi ndiyo ningemushauri bila kufikiri mara mbili. Mi niliiuza.

Sasa ya tatu, ya matanki. Huku utakuta za Epson, za Canon aina ya G, na HP Smart Tank. Nilichukua Epson L3250, dola 240, na muuzaji alinirudishia noti moja ya 20 juu iko na kapasuko kadogo kama ukucha, mukubwa unaijua hii mambo, dola ya Bukavu inapashwa kuwa kama imetoka kupigwa pasi. Bei iliniuma. Lakini angalia: ikiwa inafanya kopi inakula wati 12 hivi, konvertisera haisikii hata kitu. Chupa nyeusi Epson wanaihesabia kurasa 4.500, na za rangi tatu kwa pamoja 7.500. Hata ukikata nusu juu ya mitihani, bado ni mbali sana na 360. Wino unauona kwa macho mbele ya mashini, haikudanganye ati imekwisha. Siku ya kwanza unajaza matanki, unafinya boutoni, unaiacha inyonye dakika kama kumi, usiizime hapo katikati. Na ina wifi, bibi yangu anatuma kutoka telefone akiwa jikoni.

Yenye sipendi: haigeuzi karatasi yenyewe, pande mbili ni weye unageuza kwa mukono, na ukikosea kuigeuza unaharibu karatasi kumi hivi hivi. Kuskani ni moja moja. Na wino wa maji ni wino wa maji, usimupe mutu atembee nayo chini ya mvua ya hapa bila plastiki. Tena usiiache ilale, mi kila siku ya posho (jumamosi) natoa ukurasa mumoja wenye rangi, ata kama sina kazi.

Programu ya kuandikia sasa. Nilianza na Office ya krake, ile ya kuiba, kijana alinipakulia kwa kle (flashi), dola 5. Wiki mbili, dosie zote kwa kle zikageuka kuwa rakursi, alama tupu zenye hazifunguke, na mwanafunzi mumoja alilia mbele yangu, TFC yake yote ilikuwa pale. Word ya kweli ni muzuri, siwezi kudanganya, lakini Microsoft 365 ni kulipa kila mwezi ao kila mwaka na karte ya banki, na ile ya bure ya intaneti inakula mega. WPS nayo ni nyepesi, inafanana na Word, lakini ya bure inakuletea pub (matangazo).

Nimekaa na LibreOffice, ya bure, inatumika bila koneksio, na kamusi ya kifaransa iko ndani, ya kiswahili pia iko. Ukishaiweka ingia Outils, Options, halafu kwa Chargement/Enregistrement ubadilishe vitu viwili. Ile ya kujihifadhi yenyewe imewekwa dakika 10, shusha ifike 2, kurani inakatikaka bila kubisha hodi. Na iambie ihifadhi kila mara kwa namna ya Word, kama si hivyo utatoa odt, namna ya LibreOffice yenyewe, na kwa sekretaria publiki, pale wanapiga na kuchapia watu barua, watakuangalia kama umeleta dawa ya kienyeji. Herufi chagua Times New Roman weye mwenyewe. Majedwali ndiyo yanasumbuaka: bibi yangu alituma orodha ya pointi za darasa la sita, kwa ordinatere ya shule mustari wa mwisho ukaruka ukurasa wa pili, mutoto mumoja akabaki pale peke yake na 38 yake. Kama mutu hataandika kitu juu, mi natoa PDF.

Jana nyeusi imefika kwa alama ya chini, ya kwanza tangu nilivyoinunua. Nimepita maduka matatu ya Nyawera, chupa ni dola 12 hapa, 9 pale, na ile ya 9 kifuniko kilikuwa tayari kimefunguliwa.