Kompakti ya sensa kubwa au DSLR ya kuanzia: doa moja la vumbi limeniondolea uvumilivu

Doa lenyewe ni la kijivu, la mviringo, kingo zake hafifu, na linakaa juu upande wa kulia wa kila picha yenye anga. Si uchafu wa kioo cha mbele cha lenzi, maana uchafu wa pale hauonekani hivyo. Ni vumbi lililotua juu ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, ndani ya kompakti, yaani kamera ya mfukoni, yenye sensa inayoitwa ya inchi moja, kamera ambayo bei yake inatosha kununua DSLR ya kuanzia, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na chenji ikabaki. Kwenye dirisha la huduma la kampuni iliyoitengeneza, kijana wa pale hakuiwasha hata kidogo. Aliigeuza mara moja mkononi, akairudisha kaunta: "Bosi wangu, hizi hazifunguliwi. Chukua nyingine tu." Kuhusu waranti, akasema vumbi ni matumizi ya mteja, si hitilafu ya kamera.

Sasa hitilafu ni ipi, kama siyo hiyo? Kampuni siitaji, kwa sababu ugonjwa huu hauna chapa. Tangu Sony walete RX100 mwaka 2012 na Canon wakafuata na G7 X mwaka 2014, karibu kompakti zote za aina hii zimejengwa kwa mtindo mmoja: lenzi ya mirija inayoingiliana, haibanduki kwenye kamera, na sensa imefichwa nyuma yake. Ukiwasha kamera, mirija inachomoza. Ukizima, inarudi ndani. Kila inapochomoza, nafasi ya ndani inapanuka na hewa inavutwa kupitia mianya iliyopo kati ya mrija na mrija. Ni pampu ya baiskeli iliyogeuzwa. Chochote kilichomo mfukoni, nyuzi za suruali, unga wa karatasi, vumbi jekundu la barabara ya kijijini, kinaingia na hewa hiyo. Zumu nayo inaendeleza kazi ileile: kila ukivuta na kurudisha, umepiga pampu tena. Kamera inatangazwa kuwa ya mfukoni, na mfuko ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba doa halijionyeshi mapema. Ukipiga ndani ya nyumba na tundu la lenzi likiwa wazi, f/1.8 au f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), huoni kitu. Vumbi halijagusa sensa yenyewe. Limekaa juu ya kioo chembamba kilichotangulia sensa, na tundu likiwa pana mwanga unalifikia kutoka pembe nyingi hadi kivuli chake kinayeyuka. Bana tundu hadi f/8 au f/11, mwanga unakuja karibu wima, na kivuli kinajichora. Kwa hiyo mtu anaweza kupiga sherehe za usiku kwa muda mrefu akiridhika kabisa, halafu siku moja anapiga ufukwe wa Paje saa sita mchana na anga lote lina ndui.

Kupima ni rahisi, na kila mwenye kamera ya aina yoyote afanye. Weka hali ya A au Av, ambayo wewe ndiye unachagua tundu, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya chini kabisa, tundu dogo kuliko yote ambayo kamera inaruhusu. Zima fokasi ya kujiendesha, peleka fokasi mbali kabisa, kisha elekeza kwenye anga tupu, au kwenye ukuta mweupe ukiwa karibu nao. Shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikichelewa kufunga, ni sawa. Tikisa kamera makusudi, maana alama za ukuta zitafutika na vumbi litabaki palepale. Fungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake halisi. Rudia zumu ikiwa pana na ikiwa imevutwa: doa lisilohama mahali pake liko kwenye sensa, linalohama au kubadilika umbo liko kati ya vioo vya lenzi.

Mtu asije kuniambia DSLR haipati vumbi. Inapata, tena kwa wingi, kila unapobadilisha lenzi. Canon 2000D na 4000D hazina hata ule mtambo wa kuitikisa sensa ili vumbi lidondoke, na Nikon waliuondoa kwenye D3400 ingawa D3300 ilikuwa nao. Lakini DSLR unaisafisha mwenyewe mezani, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo mno.

Chaji betri ijae. Hili si la hiari: kioo cha kuakisi kilicho mbele ya sensa na mapazia ya shata vinashikiliwa kwa umeme, na betri ikikata katikati ya kazi vinafunga juu ya kijiti chako. Zungusha gurudumu la juu kwenye P, Tv, Av au M, maana kwenye hali ya kijani ya Canon, ile ya kujiendesha, menyu ya kusafisha haionekani. Chagua kusafisha kwa mkono, kioo kitapanda na sensa itabaki wazi. Inamisha kamera iangalie chini, puliza kwa mpira wa kupulizia hewa mara kadhaa bila kuingiza ncha yake ndani ya shimo la lenzi. Usipulize kwa mdomo, mate yataacha madoa mabaya kuliko vumbi. Usitumie hewa ya kopo, inaweza kurusha kimiminika baridi juu ya kioo cha sensa. Zima kamera, piga picha ya kupima tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Doa likigoma, tumia kijiti cha kusafishia sensa chenye upana wa milimita 16, ndicho kipimo cha sensa ya APS-C, iliyomo kwenye DSLR za kuanzia. Cha milimita 24 ni cha fulu fremu, sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, na hakitaingia. Matone mawili ya dawa yake kwenye ncha, subiri inywe, pitisha mara moja kutoka kushoto hadi kulia bila kunyanyua, geuza upande safi, rudi mara moja, kitupe. Ukitazama sensa kwa mbele, kumbuka picha imepinduliwa: doa lililo juu ya picha limekaa chini ya sensa, la kushoto linabaki kushoto. Dakika kumi, umemaliza.

Sasa ile kauli ya "hazifunguliwi". Si kweli. Zinafunguliwa, ila zimetengenezwa ili mtu akate tamaa. Skrubu za nje zinatofautiana urefu, na ukiirudisha ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu ndani. Fundi mzuri huchora kamera kwenye karatasi na kuibandika kila skrubu mahali pake. Chini ya kifuniko kuna kapasita ya flashi yenye volti zinazokaribia 300, na inabaki na umeme hata betri ikiwa nje. Fundi asiyeanza kwa kuimaliza nguvu, mnyang'anye kamera yako. Baadaye inakuja skrini, nyaya bapa nyembamba ambazo vifungio vyake vinavunjika kwa ukucha, halafu bamba la sensa lenyewe, ambalo kwa kawaida linashikwa na skrubu tatu. Hizo tatu ndizo roho ya kamera. Kina cha kila moja kimepimwa kiwandani ili sensa ikae sambamba na lenzi. Ukizifungua bila kuweka alama, doa litatoka na badala yake utapata kona moja ya picha isiyoshika fokasi maisha yote.

Kwa hiyo yule kijana angeweza kusema: kazi ni ngumu, ina hatari, gharama yake ni hii. Hilo ni jibu la mtu mzima kwa mtu mzima. Kumwambia mteja anunue nyingine bila hata kuiwasha ni dharau.

Ipo pia hila ya mashine ya kufyonza vumbi: unaibana mdomo wake kuzunguka lenzi kwa kitambaa safi, unaweka nguvu ya chini, unavuta na kurudisha zumu. Kwa vumbi lililolegea inasaidia. Kwa unyuzi ulioganda haifanyi lolote, na ukiweka nguvu kubwa unaweza kuvuruga vibati vya shata au kuyumbisha mirija. Kama kuna mchanga kwenye mirija, usijaribu kabisa. Punje moja kwenye meno ya gia inatosha kuikwamisha lenzi ikiwa nusu nje, na kuanzia hapo kamera itakuomba uizime na kuiwasha hadi uchoke.

Hata hivyo nikikaa chini nikapiga hesabu, inanibidi niiseme haki ya kompakti. Watu wanaambiwa sensa ya DSLR ni kubwa, basi picha ni bora moja kwa moja. Ni kubwa kweli: ya Canon ina milimita za mraba 332 hivi, ya inchi moja ina 116. Lakini picha haipigwi na sensa peke yake. Lenzi ya 18-55 inayokuja ndani ya boksi inaanzia f/3.5 na kuishia f/5.6, wakati kompakti nyingi za kundi hili zinaanzia f/1.8 na kuishia f/2.8. Zidisha kila moja kwa uwiano wa ulalo wa fulu fremu dhidi ya ulalo wa sensa yake, 1.6 kwa Canon na 2.7 kwa inchi moja; namba ndogo ndiyo bora. Upande mpana kompakti inapata 4.9, DSLR 5.6. Ukivuta, 7.6 dhidi ya 9. Maana yake, kwa lenzi ya boksi, DSLR haikupi faida kwa kupunguza chembechembe za usiku wala kwa kulainisha mandhari ya nyuma. Iko nyuma kidogo, na inakuning'inia shingoni.

Mchana ndiyo kabisa. Shata ya kompakti iko ndani ya lenzi, vibati vinavyofunguka kutoka katikati, kwa hiyo flashi inawahi hata kwenye 1/1600 ya sekunde. DSLR ya kuanzia ina mapazia mawili mbele ya sensa, na juu ya 1/200 pazia moja linakata fremu. Bibi harusi ufukweni, jua la utosi, kivuli cheusi chini ya macho: DSLR kwenye 1/200 na ISO 100 inakulazimisha f/11, na flashi ndogo haina nguvu ya kupenya tundu dogo namna hiyo. Kompakti kwenye 1/1600 inakaa f/4, mwangaza wa jua ni uleule, ila flashi sasa inahitaji sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Kwa ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe, flashi hiyo ndiyo inayookoa uso. Mandhari ya nyuma haitalainika sana, sensa ni ndogo, lakini uso utakuwepo. Kwa kazi hiyo naipendelea kompakti hadi leo, na inaniuma kuisema.

Ila ingia ukumbini. Kompakti nyingi za inchi moja hazina mahali pa kuchomekea flashi juu. Una kile kiflashi kinachochomoza, ambacho kwenye baadhi unaweza kukirudisha nyuma kwa kidole kimulike dari, kama dari ni nyeupe na iko chini. Kumbi zetu za send-off dari ziko juu na zimefunikwa vitambaa vya zambarau. Utapata bibi harusi wa zambarau.

Na DSLR isijidai hapo. Canon 2000D, 4000D na 250D zimenyimwa pini ya katikati kwenye sehemu ya flashi. Flashi za bei nafuu na triga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) nyingi za zamani zinategemea pini hiyo, na juu ya kamera hizi hazilii. Ukinunua 2000D, beba flashi yako dukani uijaribu, au nunua inayozungumza lugha ya Canon yenyewe.

Lakini DSLR ikishapata lenzi sahihi, mjadala unafungwa. EF 50mm f/1.8 STM kwenye Canon, kwa hesabu ileile, inafika 2.9, na hakuna kompakti ya inchi moja inayoigusa. Wa Nikon D3400 au D3500 wawe macho: ile 50mm f/1.8D ya zamani haitashika fokasi yenyewe, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani. Tafuta AF-S, yenye mota yake yenyewe, iwe 50mm f/1.8G au 35mm f/1.8G.

Nilitaka kuandika kwamba kompakti inafaa kwa msafiri na DSLR kwa mpiga picha wa kazi. Sitaandika hivyo. Msafiri ndiye anayekwenda hifadhi ya Mikumi kiangazi na kupanda daladala na kamera mfukoni; yeye ndiye atakayepata doa kwanza. Ukiwa nayo tayari, itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu kabla ya kuiweka popote, ifute mirija ikiwa nje kabla ya kuizima, na usiiwashe gari linapopita kwenye vumbi. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi isiyochakatwa na kamera, doa lifute kwenye picha moja kisha nakili marekebisho kwa nyingine zote, kwa kuwa halihami. Litakusumbua tu pale linapoangukia shavu la mtu.

Kwa anayenunua iliyotumika: kabla hujatoa pesa, omba dakika tano, bana tundu hadi mwisho, piga ukuta mweupe wa duka, kisha hamishia picha kwenye simu na uikuze. Muuzaji wa DSLR mwambie apunguze bei kwa kiasi cha gharama ya kijiti na dawa. Wa kompakti, ukiona hata doa moja, mrudishie kamera yake.