Sungura wawili banda moja: ununue nini kwa ajili ya choo chao

Anayefuga sungura wawili nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza aweke nini ndani ya choo: maranda, gazeti, au ule mchanga wa paka wa dukani. Mimi nakuomba uanze na chombo chenyewe. Sungura hula nyasi huku akijisaidia. Ndivyo alivyoumbwa, na ndiyo maana anafundishika. Wawili waliozoeana wataingia pamoja, wakae ubavu kwa ubavu na kutafuna. Chombo kikimtosha mmoja tu, mwenzake atakojoa pembeni, nawe utasema huyu hafundishiki, kumbe amekosa nafasi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kontena la plastiki la kuhifadhia nguo, lile refu la mstatili. Kata upande mmoja uwe mlango mfupi, kisha lainisha ukingo kwa msasa usije ukawachana tumbo. Kuta ndefu zinazuia mkojo kuruka nje, kwani wapo sungura wanaoinua mkia kabisa wanapokojoa. Namba mbili ni beseni pana la kufulia, zito kidogo ili wasilipindue. Trei kubwa ya paka ni ya tatu: inafaa, ila kuta zake ni fupi. Ya mwisho ni ile trei ya pembetatu inayokaa kwenye kona ya banda. Nilianza nayo kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kuwa ya sungura, na kwa wiki tatu nilipangusa sakafu kila asubuhi. Kwa sungura wawili wakubwa usiinunue.

Sasa cha kuweka ndani. Mimi natandika gazeti lisilo na kurasa za kung'aa, matabaka manne au matano, halafu nyasi kavu nyingi juu. Gazeti linanyonya, nyasi zinawaweka wakavu. Gazeti peke yake linalowa na kugandamana, na sungura anayekalia unyevu kila siku anapata vidonda vya nyayo, ambavyo vikishaingia kuviponya ni kazi ndefu. Kwa Kenya, robota la nyasi kavu za Boma Rhodes kwa wauza malisho linatosha kwa muda mrefu; Tanzania, waulize wafuga ng'ombe wa maziwa wanakochukua hei yao. Ingiza mkono katikati ya robota na unuse. Ukisikia harufu ya ukungu, achana nalo hata kama limepunguzwa bei, kwa sababu hiki ni chakula chao pia.

Ukibahatika kupata vile vipande vya mbao zilizoshindiliwa vinavyotumika kama kuni za majiko, vinashika nafasi ya pili, na kwa kuzuia harufu vinaushinda mpango wangu wa gazeti. Vikilowa vinavunjika kuwa unga na kushika mkojo vizuri. Hakikisha havina mafuta wala dawa ya kuwashia moto.

Maranda ya fundi seremala nayaweka ya tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayatumia. Chukua maranda makubwa yanayotoka kwenye randa, siyo vumbi la msumeno. Sungura hupumua kwa pua tu; vumbi likichanganyika na harufu kali ya mkojo linamwumiza kifua. Muulize fundi mbao gani alikuwa akiranda na kama zilipakwa dawa ya mchwa. Kama zilipakwa, au kama kwenye rundo kuna mabaki ya vanishi na mbao za gundi, rudi siku nyingine. Paini mbichi yenye harufu kali nayo siipendi: mvuke wake unalitwisha ini la sungura mzigo. Iache ikauke vizuri mpaka harufu iishe.

Pumba za mpunga ni rahisi sana kwa walio karibu na mashine za kukoboa, lakini hazinyonyi. Mkojo unapita na kutuama chini. Zitumie tu juu ya gazeti nene, na uzibadilishe kila siku.

Mchanga wa paka unaoganda ukilowa usiununue kabisa. Sungura huonja kila kitu, na kitu kinachoganda ndani ya beseni kitaganda pia ndani ya utumbo. Sungura hana uwezo wa kutapika.

Kuwafundisha kwenyewe si kazi kubwa. Angalia kona waliyoichagua, weka choo hapo hapo, si pale unapopenda wewe. Pangusa mkojo wa nje kwa tishu na uitupe ndani ya choo. Funga kihori cha nyasi juu ya choo, waweze kula wakiwa wamekaa ndani. Siku za mwanzo usisafishe kila kitu. Bakiza kidogo wajue njia. Utando mweupe unaoganda chini ya chombo ni madini ya chokaa kutoka kwenye mkojo wao, na siki nyeupe iliyoachwa nusu saa inautoa. Mkojo wa rangi ya chungwa mara nyingi ni rangi ya majani waliyokula.

Lakini kama bajeti yako inaruhusu gharama moja kubwa, ipeleke kwa daktari wa mifugo mwenye uzoefu na sungura, awahasi. Waliobalehe hutia alama mipaka yao kwa mkojo na kinyesi, na wakiwa wawili wanashindana. Hakuna beseni litakaloshinda hilo. Dume anaweza kuhasiwa kuanzia karibu miezi 4, jike baadaye kidogo, na kwa jike inamkinga pia na saratani ya kizazi. Wakiwa dume na jike, usimrudishe dume bandani siku anayotoka kwa daktari. Mbegu zinabaki kwa wiki 4 hadi 6, na mimba ya sungura ni takriban siku 31 tu. Mtafutie banda lake, lililo jirani na la mwenzake, waendelee kuonana na kunusana kupitia wavu mpaka muda huo upite.