Brandi ya Armenia: Kagua Kizibo Kabla ya Kuhesabu Nyota

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu brandi ya Armenia mara nyingi hayahusu brandi yenyewe. Yanahusu kizibo. Mtu kanunua chupa ya miaka 10, kaifungua siku ya sherehe, kichwa cha plastiki kikabaki mkononi na gome (ile sehemu ya kizibo iliyokatwa kwenye gome la mti) likabaki shingoni mwa chupa. Anachokoa kwa kisu, vipande vinazama, na kinywaji kilichotunzwa pipani miaka yote hiyo kinanuka boksi lililolowa.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: chupa ililazwa. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, basi wauzaji wengi wanadhani kila chenye kizibo cha gome kilazwe. Lakini mvinyo una kilevi cha asilimia 12 hadi 14, na brandi hii ina 40. Kilevi kikali namna hiyo kikigusana na gome kwa miezi, hulilainisha mpaka limeguke, na gundi iliyolishika kwenye kichwa cha plastiki huachia. Brandi husimama wima, siku zote.

Kwa hiyo ukiwa dukani Yerevan, mji mkuu wa Armenia, au kwenye duka lisilo na ushuru pale uwanja wa ndege wa Zvartnots, iache lebo kwanza. Tazama chupa zimewekwaje rafuni. Inua uliyoipenda ulinganishe kimo cha kinywaji na chupa nyingine za aina ileile. Iliyopungua hata upana wa kidole, irudishe. Pitisha kidole chini ya kizibo: pakinata, imevuja, kwa sababu brandi hii hutiwa sukari kidogo, nayo ikikauka huacha utando. Kisha ielekeze kwenye taa. Chembe za kahawia zinazoelea ni gome.

Kama kizibo kimeshakatika nyumbani, usikisukume ndani. Ingiza kizibuo cha parafujo kwa mshazari, vuta polepole huku ukizungusha, kisha chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa ndani ya chupa safi iliyo kavu kabisa.

Sasa ipi ya kununua? Upendeleo wangu siufichi: ArArAt, ya Kampuni ya Brandi ya Yerevan. Nerses Tairyan alianza kutengeneza brandi mjini humo mwaka 1887. Mwaka 1899 kiwanda kikaenda kwa kampuni ya Nikolay Shustov na wanawe, ambao ndio walioieneza Urusi nzima. Baadaye Wasovieti wakakitaifisha. Mwaka 1998 kikanunuliwa na Pernod Ricard ya Ufaransa. Katikati ya hayo, mwaka 1948, kiwanda kiligawanywa: ArArAt baadaye ikahamia jengo jipya ng'ambo ya bonde la mto Hrazdan, na jengo la zamani, palipokuwa na ngome, leo linatoa brandi ya Noy. Ndiyo maana wote wawili wanadai historia ileile, na wote wana haki.

Ya kwanza kwangu ni Akhtamar, ArArAt ya miaka 10. Ladha ya mwaloni wa Kaukazi, mti wa mapipa yake, imeshaingia lakini haijaimeza ile ya zabibu. Unapata tini kavu, chokoleti na viungo, na ladha haikatiki ghafla ukishameza. Ya pili ni Nairi, nayo ya ArArAt, ya miaka 20, nzito na tulivu zaidi, ila tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya ladha. Ya tatu ni Noy ya miaka 10, kwa anayependa kitu kikavu kidogo. Dvin, nyingine ya ArArAt, naiweka pembeni. Ni kazi ya fundi wa brandi Markar Sedrakyan, ikiwa na kilevi cha asilimia 50, nayo huuzwa zaidi kwa simulizi la Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kuipenda kwenye mkutano wa Yalta mwaka 1945. Nunua kwa ajili ya ule ukali, simulizi liache. Za nyota 3 na 5 ni za kuchanganyia na za jikoni.

Nyota zenyewe ni miaka: 3 ni miaka mitatu, 5 ni mitano. Juu ya hapo utakuta herufi za Kirusi: KV ni miaka 6 au zaidi, KVVK miaka 8, KS miaka 10. Kwa kanuni za Kisovieti huo ni wastani wa mchanganyiko mzima, tofauti na Cognac, brandi ya Ufaransa, ambako huhesabiwa umri wa kile kichanga kuliko vyote. Na rangi isikudanganye, kwani sukari iliyounguzwa hutiwa ili kuikoleza. Wala brandi haizeeki ndani ya kioo. Anayekuuzia chupa ya Kisovieti ya nyota 5 kwa bei ya dhahabu anakuuzia brandi ya miaka mitano na kizibo kibovu.

Kinachoniudhi zaidi ni chupa za zawadi. Upanga wa kioo, buti, komamanga la udongo! Pesa yote imeingia kwenye umbo, ndani mna brandi changa, na upanga hauwezi kusimama wima. Unalala tangu kiwandani. Muuzaji anajua, lakini hasemi. Masanduku ya mbao yenye kitanda cha hariri yana kasoro hiyohiyo. Ukilipewa, toa chupa siku ileile.

Anayerudi Afrika Mashariki huruhusiwa lita 1 ya pombe kali bila ushuru, kwa hiyo chupa mbili za nusu lita zinafaa kuliko mbili za 0.7. Ukiunganisha ndege, ziweke kwenye begi la mizigo, au dai ule mfuko uliofungwa na duka pamoja na risiti ndani yake, na usiufungue njiani. Saa chache za kulala ndani ya begi hazidhuru kitu. Ukifika, zisimamishe kabatini, mbali na jua na mbali na jiko.