Maabara iliyomtia mamangu aibu, Malindi

Hasira bado hazijanitoka, wacha niseme. Majuzi nilimpeleka mamangu maabara moja ya kibinafsi hapa Malindi. Dawa alizopewa mwanzo za maambukizi ya mkojo hazikumsaidia, daktari akataka mkojo wake uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Majibu yakatoka: bakteria mchanganyiko, sampuli imechafuka, leteni nyingine. Na mulipe tena.

Hapo sikuwa na neno, sampuli huchafuka. Lakini yule dada wa mapokezi, mbele ya benchi zima la watu, akapaza sauti: "Bi mkubwa, siku nyingine ujisafishe vizuri." Mamangu! Mtu wa udhu mara tano kwa siku. Alivuta mtandio akaziba uso, hakusema kitu.

Na kile kikopo nilikiona kwa macho yangu. Nilikikabidhi asubuhi, kifuniko cha njano, jina limeandikwa kwa kalamu. Nilipopita tena karibu na adhuhuri kilikuwa palepale kwenye kaunta ya dirishani, jua likikipiga, kando ya kikombe cha chai cha mtu. Mkojo wa kuoteshwa hupimwa ndani ya saa 2 hivi, la sivyo huwekwa friji. Kwa joto letu hili, bakteria wachache wa ngozini huzaana mpaka hujui yupi katoka kwenye kibofu. Halafu mchafu ni mamangu?

Nilipouliza nikajibiwa, "Kwani daktari ni wewe?"

Nilitaka kuwaambia msikanyage pale kabisa. Lakini mama mmoja mpimaji alisikia kelele akatoka, akamwamkia mamangu shikamoo, akamchukua faraghani akamwelekeza taratibu: wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati, kidole kisiguse ndani ya kikopo. Akakipokea mwenyewe, akaingia nacho. Safari hii majibu yalinyooka: bakteria aina moja tu, E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita, na orodha ya dawa zinazomuua na zisizomuua. Ile aliyokuwa akimeza mamangu ilikuwa kwenye zisizomuua! Sasa anapata nafuu, alhamdulillahi.

Kwa hiyo kazi wanaijua, nendeni. Ila kikopo msikiache kaunta, ombeni mpimaji akipokee. Ama hata msiende, sijui. Pesa za mara ya pili hawajarudisha, na yule dada mpaka leo hajamwomba mamangu radhi. Asipomwomba, mimi pale sirudi.